Umekatwa kipande cha shingo ya kizazi: wiki 4 za mwanzo nyumbani

Daktari akishaondoa sehemu yenye mabadiliko ya seli yanayoweza kugeuka saratani kwa kitanzi chembamba cha waya kinachopitishwa umeme, hupaka dawa ya kuzuia damu. Ndiyo maana siku chache za mwanzo pedi hutoka na uchafu wa kahawia au mweusi, kama machicha ya kahawa. Usishtuke.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 damu inaweza kuongezeka kidogo: kigaga kinabanduka. Hapo ndipo wengi huharibu, maana maumivu yameisha na magunia ya viazi yanasubiri. Wiki 4 usibebe mzigo mzito, hata ndoo ya lita 20. Chota kwa kidumu cha lita 5. Tendo la ndoa lisubiri pia, na usijisafishe ndani ukeni kwa maji, sabuni wala ndimu. Oga kwa kujimwagia, usikalie beseni la maji ya moto, hata kama ni Julai na uko kwenye baridi ya Makete.

Tumbo likiuma, meza parasetamo 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6. Zisizidi 8 kwa siku. Aspirini huongeza damu.

Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa 1, ukipata homa au uchafu wenye harufu mbaya, nenda hospitali usiku huohuo. Majibu ya kipande kilichokatwa na kupelekwa maabara yafuatilie mwenyewe.