Mtafiti mgeni Dodoma aifuate saa ya shamba

Mtafiti kutoka nje anayefanya kazi katika vijiji vya Chamwino au Bahi atafanya vyema kuipanga siku yake kwa kufuata msimu wa kilimo, badala ya ratiba aliyoizoea chuoni kwao. Mvua za Dodoma huwa na msimu mmoja tu, takribani Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo wakulima wa mtama na uwele huwa shambani tangu alfajiri; atakayebisha hodi saa tatu asubuhi huenda akawakuta watoto na wazee tu. Asubuhi basi aitumie kuripoti kwa mtendaji wa kijiji, akiwa na kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania) na barua ya wilaya mkononi, na mahojiano ayaweke kuanzia saa kumi jioni. Saa zenyewe azitaje kwa Kiswahili: nimewahi kumsubiri mgeni aliyedhani “saa mbili” ni ya mchana, ilhali mzee wetu alikuwa ameketi barazani tangu asubuhi, na kwa haki kabisa alikuwa amekasirika. Maelezo aliyoyaandika ayanakili vizuri usiku uleule, kumbukumbu ikiwa bado mbichi.