Ramani ya Kwanza: Vituo vya Maji vya Kartiye Moja ya Goma

Mwanafunzi anayeanza kozi ya mifumo ya taarifa za kijiografia aghalabu hufungua programu siku ya kwanza, akapaka rangi mipaka ya mikoa yote ya Kongo, akafurahi. Ramani hiyo inapendeza, lakini hakuna aliyeiuliza swali. Ni afadhali kuanza na swali dogo la hapa nyumbani: je, ni nyumba zipi za kartiye fulani, yaani mtaa, zilizo mbali mno na kituo cha maji cha umma? Chagua kartiye unayoijua kwa miguu, iwe Ndosho, Himbi, Katindo au Majengo, ili ramani ikidanganya uwe wa kwanza kuishtukia.

Programu itakayotosha ni QGIS, ambayo ni huria na haina malipo. Ipakue mahali penye intaneti ya kuaminika, pamoja na barabara na majengo ya mji kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoko mtandaoni, kwa maana vikishaingia kwenye kompyuta utafanya kazi bila mtandao. Umeme ni jambo jingine: hifadhi kazi yako kila baada ya hatua, usingoje mwisho wa siku.

Kabla ya kwenda kuchukua vipimo, mwone mkubwa wa kartiye umweleze kazi yako, kwa sababu katika mji huu mtu anayesimama kila mahali na simu mkononi akiandika hutiliwa shaka, na wanaomshuku wana sababu zao. Ukisharuhusiwa, simama kando ya kila kituo, mahali palipo wazi kuelekea angani, subiri kidogo mpaka simu itulie, kisha andika majiranukta, yaani latitudo na longitudo, pamoja na idadi ya robine (mabomba ya kutekea), kama maji yanatoka au la, na tarehe. Tarehe usiiache. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na tangu hapo kila anayetumia picha ya setilaiti ya Goma hana budi kuuliza kwanza ilipigwa lini.

Sasa tumefika mahali ambapo ramani nyingi za wanaoanza huharibika, hata kabla ya rangi kufikiriwa. Goma ipo kusini ya ikweta, kwenye latitudo ya karibu nyuzi 1.68 na longitudo ya karibu nyuzi 29.22 mashariki. Kwa kompyuta, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa: −1.68. Ukiisahau alama hiyo, vituo vyako vyote vitahamia msitu wa Ituri, upande wa Mambasa. Ukibadilisha nafasi za safu mbili, ukaweka latitudo penye X na longitudo penye Y, vitaangukia jangwani, ndani ya Algeria. X ni longitudo, Y ni latitudo. Liandike hilo kwenye jalada la daftari. Anayetaka kuchora Kivu Kaskazini nzima na aongeze uangalifu, maana Butembo na Beni zipo kaskazini ya ikweta, na huko alama ya kutoa haitakiwi.

Simu nyingine huonyesha nyuzi, dakika na sekunde. Tuseme umesoma 1°40′45″ kusini. Wapo wanaoandika −1.4045, na kituo chao kinaruka kilomita 30 kuelekea kaskazini, hadi kwenye latitudo ya volkano ya Nyamulagira. Hesabu sahihi ni 1 kuongeza 40 kugawanya kwa 60, kuongeza 45 kugawanya kwa 3,600, yaani 1.67917, kisha unatanguliza alama ya kutoa. Tarakimu 5 baada ya nukta zinatosha kabisa, kwa kuwa ya tano ni sawa na mita 1 hivi, na simu ya kawaida haifikii usahihi huo.

Kuna mtego mwingine unaotupata sisi tunaotumia kompyuta zilizopangwa kwa Kifaransa. Jedwali letu huandika 29,22 kwa mkato badala ya nukta, na likihifadhiwa kama faili la CSV hutenganisha safu kwa nukta-mkato. Unapoliingiza kwenye QGIS, iambie waziwazi kwamba kitenganishi ni nukta-mkato na kwamba desimali ni mkato. Vinginevyo itasoma namba zako kama maneno na hutaona nukta hata moja kwenye ramani. Nukta zako sasa ni tabaka moja la ramani, na mfumo wa majiranukta wa tabaka hilo ni WGS 84, wenye msimbo EPSG:4326.

Tabaka likikaa mahali pake, usipime umbali bado. Vipimo vyake viko katika nyuzi, na uzi 1 ni karibu kilomita 111, kwa hiyo ukiomba duara la 500 utapewa duara la nyuzi 500, kitu kisicho na maana duniani. Hamisha tabaka kwenye projeksheni, yaani namna ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, inayohesabu kwa mita: kwa Goma ni UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda, kanda ya 35 kusini, EPSG:32735. Kanda hiyo inaanzia longitudo 24 hadi 30 mashariki, hivyo wenzetu wa Bukavu na Lubumbashi wanaitumia pia. Lihifadhi kama tabaka jipya; kubadilisha jina la mfumo kwenye sifa za tabaka la zamani hakuhamishi chochote, kunaipotosha programu tu. Kisha hakiki: katikati ya Goma, namba ya mashariki (X, kwa mita) ni karibu 747,000 na ya kaskazini (Y) ni karibu 9,814,000. Ukiona namba ya kaskazini ni hasi, umechagua kanda ya 35 kaskazini.

Na unapohifadhi, chagua aina ya faili iitwayo GeoPackage, ambayo huweka kila kitu katika faili moja. Faili la aina ya shapefile kwa hakika ni mafaili kadhaa yanayotembea pamoja. Nilipokuwa mwanafunzi nilimpelekea mwenzangu lile la .shp peke yake, naye akashinda mchana kutwa akitafuta kwa nini halifunguki.

Sasa zungushia kila kituo chenye maji duara la mita 500 kutoka kituoni hadi ukingoni. Kipimo hicho hakikuokotwa: viwango vya Sphere vya misaada ya kibinadamu vinataka nyumba isiwe mbali zaidi ya hapo na kituo cha maji, na robine moja isihudumie zaidi ya watu 250. Unganisha maduara yawe umbo moja, kisha chagua majengo yaliyobaki nje. Hayo ndiyo jibu la swali lako, ingawa ni jibu la mstari ulionyooka, na mwenye ndoo kichwani hapiti juu ya ukuta wa jirani wala juu ya lava iliyokauka.

Majengo yaliyo nje yape rangi nzito, yaliyo ndani rangi hafifu, barabara kijivu chembamba. Ukishawishika kulinganisha kartiye zote 18 za mji kwa rangi, gawanya idadi ya robine kwa idadi ya wakazi wa kila moja, kwa sababu idadi tupu huipendelea kartiye kubwa. Kichwa, ufunguo, kipimio, mshale wa kaskazini, tarehe na chanzo cha data huwekwa mwishoni, na havichukui zaidi ya nusu saa.

Ichapishe kwa karatasi ya A4, nyeusi na nyeupe, kwa kuwa ndivyo itakavyonakiliwa. Ipeleke kituoni asubuhi penye foleni, umwombe mama mmoja anayesubiri zamu akuonyeshe kwa kidole nyumba yake iko wapi. Asipoiona, rudi ukaongeze majina ya avenue, kanisa na soko, kisha umpelekee tena.