Insulini na mgao wa umeme: tunavyoitunza nyumbani

Wengi umeme ukikatika tunakimbilia barafu. Mimi barafu ndiyo iliyonitia hasara. Nilisukuma vichupa viwili vya insulini, dawa ya kisukari ya mwanangu, hadi kwenye friza, asubuhi nikavikuta vigumu kama askirimu. Vikayeyuka, vikaonekana vizima, lakini insulini iliyoganda haifai tena, hata ikirudi kuwa maji. Joto huidhoofisha polepole. Kuganda huimaliza papo hapo.

Kwanza, tenganisha. Kichupa unachokitumia hakihitaji friji: aina nyingi hukaa nje siku 28, mradi joto lisizidi nyuzi 30 (soma karatasi ya dawa yako). Andika tarehe ya kukifungua kwa kalamu ya wino usiofutika. Ambavyo havijafunguliwa vinataka nyuzi 2 hadi 8, rafu ya katikati, mbali na friza na ukuta wa nyuma.

Pili, umeme ukikatika, friji isifunguliwe. Ikiwa imefungwa hushika ubaridi kama masaa 4. Maji ya kunywa yatoe mapema, maana watoto ndio wafunguaji wakuu.

Tatu, giza likiendelea, chukua chupa ya maji yaliyoganda, izungushie taulo au khanga kuukuu mara mbili, iweke ndani ya deli. Insulini ikae kwenye kopo lake lenye mfuniko, isigusane na barafu.

Nne, usiye na friji: mitungi miwili ya udongo isiyopakwa rangi, mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga. Mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Dawa ndani, kwenye kopo lisilopitisha maji.

MASWALI YA WANACHAMA

*Niko Tanga, mtungi wangu haupoi kama mnavyosema.*
Hautapoa sana, dada. Mtungi hupoa maji yanapokauka kwenye udongo, na hewa ya pwani tayari imejaa unyevu. Dodoma utaona tofauti kubwa. Huko kwenu bado ni bora kuliko kabati chini ya bati.

*Kichupa kipya kimekaa nje siku tatu. Nitupe?*
Usikitupe kama hakikupigwa jua. Kihesabu kama kilichofunguliwa, siku 28 tangu kilipotoka kwenye ubaridi. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya utafiti uliofuata joto la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya: kati ya nyuzi 25 na 37, kwa wiki nne, insulini haikupoteza nguvu. Hiyo ni akiba ya moyo, isiwe ruhusa ya kuianika dirishani.

*Nitajuaje imeharibika?*
Ile angavu kama maji ikiwa na ukungu, acha. Ile ya maziwa ibiringishe viganjani taratibu. Ikibaki na mabonge au chembe zimeng'ang'ania kioo, acha. Ila inaweza kuonekana safi na bado imechoka. Sukari ikipanda bila sababu, fungua kichupa kingine na uwahi kliniki. Usiruke dozi kwa kuwa unaishuku dawa, hasa kwa mtoto.

*Nasafiri kwa basi usiku kucha.*
Mkoba wa mkononi, mama. Kule kwenye buti chini kuna joto la injini, na mabegi mengine yatarushwa juu ya lako.