Usikate mwembe hadi chini kabla kijiko hakijafika

Wewe uliyenunua kiwanja Chanika, Goba au Kigamboni, jijini Dar es Salaam, nakuomba jambo moja: wakata miti wasikate mwembe ukabaki sawa na ardhi. Wabakize kama mita moja na nusu. Kipande hicho ndicho kitakachosukumwa na mkono wa kijiko, ile mashine ya kuchimbia, wakati wa kung'oa kisiki. Kisiki kifupi hakina pa kushika, na saa za mashine unazilipa wewe.

Opereta asianze kwa kung'oa. Achimbe kwanza kuzunguka kisiki, akate mizizi ya pembeni kwa meno ya kijiko, upande baada ya upande, ndipo asukume. Utausikia mzizi wa katikati ukilia kabla haujakatika. Mnazi hauna mzizi huo, wake ni kama kamba nyembamba nyingi, hutoka upesi. Kazi ipo kwenye mwembe. Kisiki kikishatoka, kikung'utwe palepale juu ya shimo ili udongo urudi.

Kwenye shimo ndipo wengi wanapoharibu, na inaniuma kila nikiona. Linafukiwa kwa mkupuo mmoja, vipande vya mizizi humohumo, msingi unapita juu. Mizizi inaoza, mchwa wanaingia, udongo unatitia, ukuta unapasuka. Toa mizizi yote, jaza kwa tabaka za sentimita 20 hivi, mwagia maji kiasi, shindilia kila tabaka. Msingi ukipita hapohapo, fundi achimbe hadi udongo ambao haujawahi kuguswa.

Na kabla mashine haijashushwa, waulize majirani bomba la maji linapita wapi.