Jinsi ya kuzuia mbolea ya shamba isiishie Ziwa Victoria

Shamba langu la mahindi linateremka hadi Mto Nyando, na Nyando humwaga maji yake Ghuba ya Winam, sehemu ya Ziwa Victoria. Mbolea ikinitoroka, inaelekea kwa wavuvi.

Wakati wa kupanda, pima mbolea ya kupandia, DAP, kwa kifuniko cha soda, kimoja kwa kila shimo, kisha changanya na udongo ili isiunguze mbegu. Fosforasi yake hushikamana na udongo. Udongo ukimomonyoka, nayo imekwenda. Ndiyo maana nasisitiza majani ya nepia: panda mistari mitatu minne kando ya mto, wala usilime hadi ukingoni. Ng'ombe nao watapata chakula.

Mbolea ya kukuzia, CAN, weka mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu. Wingu zito likitanda, ahirisha! Nitrojeni yake huyeyuka upesi na kutiririka na mvua. Rundo la samadi lifunike kwa turubai, mbali na mtaro.

Huko ghubani, virutubisho hivyo hustawisha magugu maji na mwani. Mwani ukifa, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni. Alfajiri utaona samaki aina ya ngege wakitweta juu ya maji, midomo wazi. Walio kwenye vizimba vya kufugia samaki hawana pa kukimbilia. Inaniuma sana.

Ukiona utando wa kijani kama rangi iliyomwagika ufuoni, usiyanywe maji hayo wala usinyweshe mifugo. Huenda mwani huo una sumu, na kuyachemsha hakuiondoi.