Kubandika namba kwenye jezi za polista bila kujiharibia

Wadau wa jezi, hasa nyie mnaoanza hapa Moshi, polista sio pamba, ukiipiga na moto uleule wa digrii 160 utalia. Mi nililia. Jezi 14 nyekundu za bonanza, namba nyeupe, zimetoka safi kabisa kwenye mashine ya kubandikia kwa moto, nikazikunja nikaenda kulala, asubuhi namba zote pinki. Ile rangi ya kitambaa ikipata moto mwingi inageuka mvuke inapanda kwenye stika (ile plastiki inayokatwa namba na kubandikwa kwa moto), na inaendelea kupanda hata ukishazima mashine, ndo maana usiku unajiona mjanja.

Kwanza jua kitambaa ni nini. Za dukani soma lebo, ila mitumba ya soko la Memorial mara nyingi lebo imeshakatwa, we chomoa kauzi kwenye mshono wa ndani ukachome na kiberiti: polista inayeyuka inaacha kapunje kagumu, pamba inaungua kama karatasi inabaki jivu.

Halafu stika. Ulizia ya moto mdogo, zile za digrii 130 mpaka 140, na kama jezi ni nyekundu, maruni au bluu iliyokolea chukua yenye kizuizi cha rangi, utaijua mgongo wake ni kijivu au mweusi. Bei imechangamka kidogo ila lipa tu. Kwenye kompyuta geuza maandishi yawe kinyume kama kwenye kioo kabla plota, ile mashine ya kukata stika, haijakata (kuna siku nilikata "SIMBA" nikasahau, stika nzima ikaenda jalalani).

Sasa mashine. Piga jezi tupu sekunde 3 hadi 5 itoke unyevu, wakati wa masika usiiruke kabisa maana nguo zote zina ubichi. Panga namba, zipu na mshono mnene visikae chini ya sahani ya moto ya mashine, la sivyo pembeni hapatashika, funika na Teflon (shiti lisiloganda kwenye moto) au karatasi ya kuokea keki ili kitambaa kisiachiwe ile alama ya mraba inayong'aa, maana ikishatokea haitoki. Mgandamizo wa kati, sekunde 10 hadi 15, kisha fuata maelezo ya roli la stika: kama plastiki yake ya juu ni ya kubandua ikipoa basi subiri ipoe kweli, usianze kuchungulia kona. Umeme ukicheza acha mashine ipande upya mpaka digrii ulizoweka ndo uendelee. Pasi ya nyumbani sikushauri, haikwambii digrii.

Sablimesheni, yaani kuchapa kwa wino unaogeuka mvuke na kuingia kwenye kitambaa, ni habari nyingine, ile inataka 190 na kuendelea na jezi nyeupe au iliyopauka.

Mwambie mteja asifue mpaka masaa 24 yapite, aigeuze nje ndani, maji ya baridi, asipitishe pasi juu ya namba. Na kabla ya oda kubwa bandika kakipande kwenye jezi moja, ulale nayo, uiangalie asubuhi. Zile 14 nililipa mimi.