Kushusha gitaa la umeme hadi C au B: namna ninavyolitengeneza hapa Unguja

Gitaa la kawaida la nyuzi sita limeundwa kukaa kwenye E, yaani uzi wake mnene kabisa, ule wa sita, utoe noti ya E. Ukizilegeza nyuzi zilezile hadi C, uzi mnene unakuwa kama kamba ya kuanikia nguo: unagonga freti (vile vyuma vya kukingama shingoni), unapanda sauti kila ukiukandamiza, na ukiupiga kwa nguvu spika inatoa mngurumo badala ya noti. Vijana wengi wanaoniletea magitaa wameshaamua kwamba dawa ni pikapu mpya (ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) au pedali. Mara nyingi dawa ni nyuzi, halafu tupa, halafu bisibisi, kwa mpangilio huo. Pikapu inakaa mwisho wa foleni.

Wanaotaka sauti ya chini hapa kwetu ni wa aina mbili. Wapo wa roki nzito, wachache lakini wenye moyo. Na wapo wapigaji wa taarab ya kisasa ambao mwimbaji wao ana sauti nzito, basi wanashusha gitaa zima ili wabaki na mikao ileile ya vidole. Hawa wa pili wanapata na faida ya ziada. Rast na Bayati, mizani za muziki wa Kiarabu zinazotumika kwenye taarab, zina sauti zinazokaa kati ya freti mbili, na gitaa haliwezi kuzitoa ila kwa kuuvuta uzi pembeni. Nyuzi tatu nyembamba zikilegea kidogo, kuzifikia sauti hizo kunakuwa rahisi zaidi. Kwa hiyo mpigaji wa taarab asikimbilie seti nzito kupita kiasi kama mwenzake wa roki.

Hatua ya 1: Amua noti kabla ya kufungua pochi

Kushusha uzi wa sita peke yake kutoka E hadi D hakuhitaji mwongozo. Zungusha kigingi, piga. Kushusha nyuzi zote sauti moja (freti mbili), yaani hadi D, gitaa lolote zima linaweza, ukiongeza unene wa nyuzi kidogo tu. Kazi inaanzia C, na kwenye B inakuwa kazi hasa. Ukitaka A au chini yake, tafuta gitaa la baritoni au la nyuzi saba, usilitese hili la kawaida. Magitaa ya nyuzi saba siku hizi si kitu cha ajabu. Ibanez walitoa Universe mwaka 1990 pamoja na Steve Vai, na tangu hapo viwanda vingi vimefuata.

Ukishachagua noti, kaa nayo. Mtu anayetaka gitaa moja lipige E Ijumaa na B Jumamosi hatapata utulivu, kwa sababu kila hatua inayofuata inategemea noti hiyo.

Hatua ya 2: Nenda dukani na rula

Kitu cha kwanza kukiangalia kwenye gitaa ni urefu wa uzi unaotetemeka, si jina lililoandikwa kichwani. Pima kutoka kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho mwisho wa shingo, ambacho hapa nitakiita kidaraja, hadi katikati ya freti ya 12. Zidisha kwa mbili. Magitaa ya mtindo wa Fender yatakupa karibu sm 64.8, kwa hiyo rula isome 32.4. Ya mtindo wa Gibson ni mafupi zaidi, karibu sm 62.9, rula isome 31.4 hivi. Baritoni nyingi zinaanzia sm 67 na kupanda. Yenye sm 68.6 ni ya kawaida sana.

Urefu una maana kubwa, kwa sababu uzi uleule kwenye noti ileile unavutika kwa mkazo unaofuata mraba wa urefu. Kutoka sm 64.8 hadi 68.6 unaongeza mkazo kwa kama asilimia 12 bila kubadilisha uzi. Kwa C, gitaa la mtindo wa Fender linatosha kabisa. Fupi nalo linaweza, ila litadai nyuzi nene zaidi. Kwa B, mimi ningechagua refu.

Daraja, yaani kile chuma mwilini ambako nyuzi zinaishia, liwe la kukaa, lisiwe la kuelea lenye mkono wa kuyumbisha sauti. Daraja la kuelea linashikwa na springi upande wa nyuma zikivutana na nyuzi mbele. Ukibadilisha mkazo wa uzi mmoja, nyingine zote tano zinatoka kwenye sauti. Kama umeshalinunua, usilitupe. Chonga kipande cha mbao ngumu, kitie nyuma ya mwili kati ya chuma cha daraja na mbao ya gitaa ili daraja lisiende popote. Mkono utakuwa pambo, lakini gitaa litakaa kwenye tyuni.

Ukinunua la mtumba, liwe limetoka Kariakoo kwa boti au limekaa miaka kwa jirani wa Ng'ambo, kagua skrubu ndogo za daraja. Hewa ya bahari inazila. Skrubu iliyoshikwa na kutu maana yake hutaweza kufanya hatua ya 6 wala ya 7, na hapo ndipo bei nzuri inapogeuka hasara. Kagua pia kama nati ya fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo, ile trasi rodi, inazunguka. Muuzaji akikataa usiijaribu hata robo zungusho, muage kwa heshima.

Hatua ya 3: Nyuzi

Hapa usiwe na haraka, maana ndiyo nusu ya kazi yote.

Namba za pakiti ni elfu za inchi. Seti ya 10–46 ina uzi mwembamba wa 0.010 na mnene wa 0.046. Kwenye gitaa la sm 64.8, uzi wa 46 ukiwa E unavutwa kwa karibu kilo 7.9. Mkazo unafuata mraba wa sauti, na E ni mitetemo 82.4 kwa sekunde ilhali C ni 65.4. Gawanya, piga mraba, utapata asilimia 63. Yaani uzi uleule ukiushusha hadi C unabaki na kilo 5 tu. Huo ndio ulegevu unaousikia. Weka uzi wa 56 kwenye C na mkazo unarudi kilo 7.5, vidole vinahisi kama nyumbani.

Basi kwa nyuzi zote kwenye C natumia 12–56. Kwa ile wanayoiita dropu C, ambayo uzi wa sita ni C na nyingine zimeshuka sauti moja tu, 11–56 inakaa vizuri zaidi, kwa sababu nyuzi za juu hazijashuka sana. Kwa B natumia 13–62, na hiyo 62 kwenye B inavuta kama kilo 8. Wa taarab wachukue namba moja chini ya hizi kwenye nyuzi tatu nyembamba.

Mambo mawili usome kwenye pakiti. Uzi wa tatu uwe mtupu, usiwe umezungushiwa waya, kama unapenda kuuvuta pembeni. Na nyuzi ziwe za nikeli au chuma. Za bronzi ni za gitaa kavu, lisilo la umeme. Sumaku ya pikapu inazisikia kwa shida, hasa ule waya wa nje, na dukani pakiti zinafanana.

Utasikia watu wakimtaja Tony Iommi wa Black Sabbath, aliyekatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham, kwamba alishuka hadi C# huku akitumia nyuzi nyembamba. Ni kweli. Yeye alitaka ulegevu huo ili vidole visiumie, na mkono wake ulijifunza kupiga kwa wepesi. Ukimwiga kwa nyuzi za 9 na mkono mzito utapata kelele.

Hatua ya 4: Panua mifereji ya kidaraja

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Uzi wa 46 una unene wa mm 1.17, wa 56 una mm 1.42. Mfereji uliochongwa kiwandani kwa ule wa kwanza hauwezi kuupokea wa pili. Uzi unakaa juu juu, au unabanwa. Dalili yake: unazungusha kigingi, sauti haibadiliki, halafu ghafla "tik!" na noti imeruka.

Tupa maalumu za kazi hii ni ghali na hapa kisiwani hazipatikani kirahisi. Nenda kwa wauza vifaa vya kuchomelea ukaulizie vijiti vya kusafishia tundu la tochi ya gesi. Ni vijiti vyembamba vyenye meno, vya unene tofauti tofauti, na vinakata mfupa na plastiki vizuri. Chagua chenye karibu mm 1.5 kwa uzi wa 56. Ukikosa, chukua uzi wa zamani mwembamba kuliko unaoutaka, uzungushie msasa laini.

Legeza uzi, usogeze pembeni, kisha sugua mara chache tu huku mkono ukiinamia upande wa vigingi, ili uzi uguse ukingo wa mbele wa kidaraja, ule unaotazama freti. Panua kwanza, kina kiache. Rudisha uzi, tyuni, kandamiza kwenye freti ya 3, na uangalie nafasi kati ya uzi na freti ya 1. Ikitosha kupita karatasi, acha hapo hapo. Ukiwa umezama mno, uzi utalia bila kukandamizwa. Jaza mfereji kwa magadi soda na tone la supa gluu, subiri likauke, uchonge upya. Mwishoni chora ndani ya mfereji kwa penseli. Grafiti yake, ule unga mweusi, inalainisha.

Uzi ukikataa kupita kwenye tundu la kigingi, kwanza upinde uzi kwa pembe kali mahali utakapoishia, ndipo ufungue waya wa nje kidogo kwenye ncha. Bila kupinda, waya wote utafunguka hadi katikati.

Hatua ya 5: Shingo

Tyuni kwenye noti yako mpya, si kwenye E. Funga kapo, kile kibanio cha kukandamiza nyuzi zote, kwenye freti ya 1, kandamiza uzi wa sita pale shingo inapoungana na mwili, pima nafasi juu ya freti ya 7 au ya 8. Tumia fila, zile bamba nyembamba ambazo mafundi wa pikipiki wanapimia valvu. Natafuta mm 0.25 kwa tyuni za chini, kwa kuwa uzi mnene unatetemeka kwa upana.

Nafasi ikizidi, kaza trasi rodi kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Ikikosekana, legeza. Robo zungusho, tyuni tena, pima tena. Nati ikigoma, simama.

Hatua ya 6: Kimo cha nyuzi

Pima kwenye freti ya 12: mm 2 kwa uzi wa sita, mm 1.6 kwa wa kwanza. Anayepiga kwa nguvu aongeze robo milimita. Basi.

Hatua ya 7: Sauti ya freti ya 12

Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upate ile sauti nyembamba. Kisha ukandamize palepale, kwa wepesi uleule unaopigia siku zote. Noti mbili zilingane. Ya kukandamiza ikiwa juu, sogeza kiti cha uzi, kile kipande cha daraja ambacho uzi unakalia, kule nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele.

Uzi mnene unataka kiti kiende nyuma kuliko ulivyozoea, na mara nyingi nafasi inakwisha. Kwenye daraja la mtindo wa Fender, toa springi ndogo ya kile kiti au uikate nusu. Kwenye la mtindo wa Gibson, kigeuze kiti ili ukingo wake ulio wima utazame nyuma. Unapata milimita moja hivi, na mara nyingi hiyo inatosha.

Programu za simu hupotea zikisikiliza C ya chini kwa maiki. Tyuni kwa ile sauti nyembamba ya freti ya 12, ukitumia pikapu ya karibu na shingo na kitufe cha tone kikiwa kimefungwa.

Hatua ya 8: Pikapu na spika

Kandamiza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho na ushushe pikapu hadi nafasi iwe kama mm 3. Ikiwa karibu zaidi, sumaku inauvuta uzi na noti inayumba.

Kwenye spika, punguza besi, ndiyo, punguza. Mpiga gitaa la besi yuko hapo hapo, na mkikutana wote kwenye 65 hadi 80 Hz hakuna atakayesikika. Ukipitishia kwenye miksa moja kwa moja, kata kilicho chini ya 80. Sikio litaijaza C kutokana na sauti zake za juu. Punguza pia mkwaruzo, halafu ongeza katikati.

Ukigusa maiki kwa mdomo huku umeshika nyuzi ukapigwa shoti, chomoa kila kitu. Mwite fundi wa umeme akague waya wa ardhi wa ukumbi kabla hujapiga tena. Hilo si suala la gitaa.

Hatua ya 9: Chumvi na mvua

Masika ikiingia, Machi hadi Mei, shingo inasogea. Rudia hatua ya 5 kabla ya kugusa kingine chochote. Ukipiga nje, kama pale Ngome Kongwe wakati wa tamasha la Sauti za Busara mwezi wa Februari, lifungue gitaa mapema lizoee upepo wa bahari, ndipo utyuni.

Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, juu na chini yake. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kila skrubu ya daraja, kwa ncha ya kijiti, linazuia kutu. Pakiti ya akiba isifunguliwe hadi siku ya kuitumia. Uzi mnene haukatiki kirahisi. Unakufa sauti kwanza. Ukiona wa sita haukubali kulingana kwenye freti ya 12 hata kiti kikae wapi, na wiki iliyopita ulikubali, weka bisibisi chini uubadilishe.